Malta: Sheria za Kwanza Ulaya, Kodi ya Nyumba Kali

Mei 2011 Wamalta walipiga kura ya maoni kuamua kama wanandoa waruhusiwe kupeana talaka. Naam, talaka! Walioikubali walikuwa kama asilimia 53 tu. Miaka sita baadaye, Julai 2017, Bunge la nchi hiyohiyo liliidhinisha ndoa za jinsia moja kwa kura 66 dhidi ya moja.

Ni vigumu kupata nchi nyingine iliyogeuka kwa kasi hiyo. Ukatoliki umetajwa katika katiba kuwa dini ya taifa, na kila kijiji kina sikukuu ya mtakatifu wake, yenye fataki za kutikisa madirisha. Hadi Januari 1973 mapenzi ya jinsia moja yalikuwa jinai, kama yalivyo leo Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini shirika la ILGA-Europe, ambalo kila mwaka hupima sheria za nchi za Ulaya kuhusu watu wa LGBT, liliiweka Malta nafasi ya kwanza mfululizo tangu 2016 hadi 2025.

Nafasi hiyo haikupatikana kwa ndoa peke yake. Wapenzi wa jinsia moja walianza kusajili uhusiano wao na kuruhusiwa kuasili watoto mwaka 2014. Aprili 2015 ikapita sheria ya utambulisho wa jinsia: mtu aliyebadili jinsia huenda kwa mthibitishaji wa hati, akatoa tamko, na nyaraka zake zikarekebishwa bila kudaiwa upasuaji wala barua ya daktari. Sheria hiyohiyo inakataza kuwafanyia upasuaji usio wa lazima watoto waliozaliwa na maumbile ya jinsia mbili, kabla hawajafikia umri wa kuamua wenyewe. Desemba 2016 Malta ikawa nchi ya kwanza katika Umoja wa Ulaya kupiga marufuku zile zinazoitwa tiba za "kumgeuza" shoga au msagaji.

Kwa mgeni kutoka Afrika Mashariki, baadhi ya mambo hayatamshangaza. Kiingereza ni lugha rasmi, sambamba na Kimalta, na magari hupita kushoto. Nchi nzima ina kilomita za mraba 316, chini ya nusu ya Pemba, ila watu wake wamezidi nusu milioni. Udogo huo una utamu na uchungu wake. Anayetafuta mji mkubwa wa kujipotezea, wenye mitaa mizima ya baa za mashoga, atachoka mapema. Hapa jirani anamjua shangazi yako. Maandamano ya fahari hufanyika Septemba jijini Valletta, na mwaka 2023 mji huo ulikuwa mwenyeji wa EuroPride, sherehe ya Ulaya nzima.

Lakini katika maisha ya kila siku ndipo sifa zinapoanza kupungua. Kodi ya nyumba Sliema na St Julian's, maeneo yanayopendwa na wageni, ni kali, na wafanyakazi wengi huishia kugawana vyumba. Raia wa nje ya Umoja wa Ulaya hupewa kibali kinachofungamana na mwajiri wake: kazi ikiisha, ukaazi nao uko mashakani. Ubaguzi wa rangi upo pia. Aprili 2019 mhamiaji kutoka Ivory Coast aliuawa kwa risasi barabarani karibu na Ħal Far, na wanajeshi wawili wakashtakiwa.

La kushangaza zaidi ni suala la hifadhi ya wakimbizi. Malta iliziingiza Misri na Bangladesh katika orodha ya nchi inazozihesabu kuwa salama, ilhali Bangladesh ina sheria ya kuwaadhibu mashoga na Misri huwafunga kwa makosa ya maadili. Mashirika ya haki za binadamu yamelalamika, na yana hoja. Shoga mwenye mkataba wa kazi, au aliyefunga ndoa na raia wa Ulaya, ataishi Malta kwa amani ambayo nchi chache zinaweza kumpa. Anayefika kwa mashua kutoka Libya hukutana kwanza na polisi na kambi.

Kwa hiyo anayeifikiria Malta asome mkataba wa kazi kabla ya kuangalia picha za bahari. Aulize mshahara ni kiasi gani baada ya kodi ya nyumba, na nini kitatokea akiachishwa kazi. Wala asimpe wakala wa ajira senti moja kabla hajathibitisha kwamba mwajiri yupo.