Mwalimu wa Dumila na gofu ya kando ya bahari

Juma hili nimepokea barua kutoka Dumila, pale njia panda ambapo barabara ya Kilosa inaachana na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Aliyeandika ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika ujana wake alikuwa akibeba mikoba ya wachezaji wa gofu pale Morogoro Gymkhana, chini ya milima ya Uluguru, na mchezo ukamwingia. Sasa amebakiza miaka michache astaafu. Anasema amesikia kuna viwanja vya gofu vya kando ya bahari viitwavyo linksi, naye anataka avicheze vingi kadiri atakavyoweza kabla magoti hayajamkatalia. Anauliza: nianzie wapi?

Najua wapo watakaocheka. Dumila ya nyanya na mahindi na gofu ya baharini wapi na wapi, zaidi ya kilomita 250 kutoka Dar es Salaam! Mimi sikucheka, maana ndani ya barua ile kuna swali jingine ambalo mwalimu hakuliandika: ardhi ya ufukweni ni ya nani?

Lakini kwanza tuelewane juu ya jina. Si kila uwanja ambao ukisimama unaiona bahari ni linksi. Neno hili lilikuja na Waskoti, na asili yake ni neno la kale lenye maana ya mwinuko au tuta. Waliliita hivyo eneo la mchanga lililo kati ya ufukwe na mashamba, yaani vilima vidogo ambavyo bahari iliviacha iliporudi nyuma, upepo ukavipanga, kisha majani mafupi magumu yakaota juu yake. Hapalimiki hapo. Udongo hauna rutuba na chumvi ya bahari inapeperukia kila mahali. Basi watu wa mijini walipatumia kwa mengine: walichunga kondoo, walianika nguo, waliwinda sungura, na walicheza. Ile mitego ya mchanga ambayo wachezaji wa leo wanaiogopa, inasimuliwa kwamba mingi ilianza kama vishimo vya kondoo waliojibanza kukwepa upepo.

Kwa kuwa chini ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha maji yanazama mara moja, ardhi inabaki ngumu, na mpira ukitua unabiringika mbali. Miti hakuna, kwa hiyo upepo hauna wa kuuzuia. Mchezaji aliyezoea kuupiga mpira juu, kama wanavyofanya kwenye viwanja vyetu vya bara, akifika kule upepo unamchukulia mpira na kumtupia asikokutaka. Inabidi aupige chini chini, auache utambae wenyewe hadi shimoni. Viwanja vya namna hii, hesabu inayotajwa sana ni kama 250 tu duniani kote, kati ya viwanja zaidi ya 38,000 vya gofu. Vilivyo vingi viko Uskoti, Uingereza na Ireland.

Mama wa viwanja hivyo yuko mji mdogo wa St Andrews, Uskoti, na habari yake ningependa isikilizwe vizuri Dumila na Kilosa nzima. Gofu ilikuwa imeshamiri Uskoti kiasi kwamba mwaka 1457 bunge lao liliipiga marufuku pamoja na kandanda, kwa sababu vijana walikuwa wakicheza badala ya kufanya mazoezi ya upinde na mishale. Marufuku yenyewe haikufua dafu. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitaka kufuga sungura kwenye ardhi ile ya mchanga. Akapewa ruhusa, lakini kwa hati iliyotambua kwamba wananchi wa mji wana haki ya kucheza hapo gofu, kandanda na michezo yao mingine. Angalieni: askofu mwenye mamlaka makubwa, tena karne ya 16, anawekeana hati na watu wa kawaida juu ya mahali pao pa kuchezea.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, halmashauri ya mji ikaelemewa na madeni, na mwaka 1797 ardhi ile ikaponyoka mikononi mwa mji. Ikaangukia kwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura, kama mnavyowajua, hawana adabu na ardhi. Wakachimba mashimo uwanja mzima. Wacheza gofu wakawaua sungura, shauri likafika mahakamani, na ugomvi ukaendelea kwa miaka. Nafuu ilipatikana mwaka 1821, pale mwenye shamba mmoja wa jirani, James Cheape, aliponunua eneo lile akaliokoa na sungura. Mwaka 1894 ikapitishwa sheria iliyouwezesha mji kulirudisha mikononi mwake, na tangu mwaka 1974 linasimamiwa na mfuko ulioundwa kwa sheria ya bunge kwa faida ya umma.

Watu wa Kilosa hawana haja ya kufundishwa ugomvi wa ardhi. Desemba mwaka 2000, pale Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Sifananishi damu ile na sungura wa St Andrews, hasha. Ninachotaka kionekane ni kwamba ardhi inayotumiwa na wote, halafu haki ya kila mmoja haijaandikwa mahali, haiko salama popote pale, iwe kando ya bahari ya Uskoti au kando ya mto wa kwetu. Wale wa St Andrews walikuwa na karatasi ya mwaka 1552 ya kushika mkononi. Sisi wengi wetu tuna maneno ya wazee tu.

Matokeo yake leo ni haya. Uwanja maarufu kuliko yote duniani, Old Course, si mali ya matajiri fulani. Barabara ya umma inakatiza katikati ya uwanja, na watu wanapita. Jumapili uwanja kwa kawaida hufungwa, na wenyeji huingia kutembea na watoto na mbwa wao. Mkazi wa mji hulipa tiketi ya mwaka kwa bei nafuu. Mgeni, hapo ndipo penye kazi: mwaka 2024 ada ya mchezo mmoja msimu wa joto ilikuwa pauni 320, yaani zaidi ya shilingi milioni 1 za kwetu. Mwalimu apige hesabu mwenyewe hayo ni matenga mangapi ya nyanya. Na si fedha tu. Nafasi nyingine hutolewa kwa kura ya kila siku, na lazima uonyeshe cheti cha kiwango chako cha uchezaji, kile wanachokiita handikapu. Tangu mwaka 2020 sehemu kubwa ya dunia inatumia mfumo mmoja wa handikapu, kwa hiyo cheti kilichopatikana kupitia klabu ya Morogoro kinasomeka hata Uskoti. Hapo ndipo pa kuanzia, mwalimu: klabu ya nyumbani na cheti, kabla ya pasi ya kusafiria.

Sasa turudi kwenye bahari yetu. Pwani ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Vilima vikubwa vya mchanga vipo, mathalani pale Mambrui kaskazini ya Malindi, mchanga unaoletwa na mto Sabaki, lakini gofu haichezwi juu yake. Majani yetu nayo ni ukoka na ndugu zake, majani ya joto yanayodai kumwagiliwa, wakati yale ya Uskoti ni ya baridi na yanaridhika na kidogo. Kwa hiyo tuseme ukweli: tuna gofu ya kando ya bahari, lakini linksi yenyewe hasa hatuna. Iliyo karibu nasi zaidi ambayo wajuzi wengi wanaikubali ni Humewood, Afrika Kusini, katika mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth. Inachezwa tangu mwaka 1931.

Hata hivyo safari nzuri ya pwani ipo, tena kwa basi. Aanze na Dar es Salaam Gymkhana, mashimo 18 kati ya mji na barabara ya ufukweni ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama. Avuke kwa boti hadi Unguja, kuna kiwanja cha mashimo 9 cha hoteli kule Mangapwani. Arudi bara, apite Tanga na mpaka wa Horohoro. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Diani kuna Leisure Lodge, mashimo 18 yaliyokatwa katikati ya msitu, na nyani ni watazamaji wa kila siku. Mombasa kuna Nyali, na kuna klabu kongwe ya Mombasa ya mwaka 1911, mashimo 9 tu, juu ya mwamba jirani na kivuko cha Likoni. Kwa mtu anayetafuta upepo na bahari, hiyo ndiyo ningemshauri asiikose. Kaskazini zaidi, njia ya Kilifi, ni Vipingo Ridge, ambako mwaka 2019 yalichezwa mashindano ya wanawake ya ligi ya Ulaya. Malindi nako kuna klabu.

Akiwa njiani mwalimu atazame jambo moja. Ni wapi mwananchi asiye na kadi ya uanachama wala chumba cha hoteli anafika baharini bila kuulizwa anakwenda wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mita hizo 60 ndizo hizo hizo zinazohusu kingo za mito, na mkulima wa Dumila anazifahamu, maana haachi kukumbushwa asilime kando ya mto. Baada ya mafuriko ya Januari 2014 yaliyokata barabara kuu pale Dumila, sababu yake haihitaji maelezo. Mimi naona kipimo kinachomfukuza mwenye jembe mtoni ni haki kimfukuze na mwenye ukuta baharini. Klabu za gofu sizilaumu zote; Gymkhana ya Dar es Salaam imebaki miongoni mwa sehemu chache za kijani katikati ya jiji. Ila sijaiona bado Jumapili yetu ya watoto na mbwa.

Msimu ni suala la mwisho. Masika asiguse, ukoka unalowa na mpira unakwama. Likizo ya Juni ni nzuri, kusi limekwisha kushika na joto limepungua, naye atajifunza kupiga chini chini kabla hajaonana na upepo wa Uskoti. Kule nako Juni ndiyo miezi yao mizuri, jua linazama karibu saa nne usiku, lakini asipange viwanja viwili kwa siku moja, kwa sababu kutembea kwenye mchanga na upepo kunachosha kuliko anavyodhani mtu wa nyika. Mipira ya akiba achukue ya kutosha, hasa kwa Mombasa, ambako ukiteleza upande wa bahari hakuna wa kwenda kuuokota.