Umeme Unaopita Juu ya Vichwa Vyetu



Wenzetu wa Busia na Tororo wametuuliza mara nyingi: mbona nyaya za umeme zapita juu ya mashamba yetu, na sisi chini yake twawasha koroboi? Swali hili ni la haki, na kulijibu ni lazima tuanze na taa yenyewe.

Taa ya umeme haikuvumbuliwa na mtu mmoja. Mwanzoni mwa karne ya 19, Humphry Davy wa Uingereza alipitisha umeme kati ya vipande viwili vya makaa, ukatokea mwanga mkali mno, usiofaa nyumbani. Mwaka 1879 Joseph Swan kule Uingereza na Thomas Edison kule Marekani walionyesha taa ya kioo yenye uzi mwembamba wa kaboni. Hewa ilitolewa ndani ya kioo, kwani penye hewa uzi huungua mara moja. Lewis Latimer, mtoto wa watumwa waliotoroka, alipewa hataza mwaka 1882 kwa njia bora ya kutengeneza nyuzi hizo.

Mwaka huo huo Edison alifungua kituo cha umeme mtaa wa Pearl, New York. Lakini umeme wake haukufika mbali. Umeme mwingi ukipita katika waya, waya hupata moto, na nguvu hupotea njiani. Dawa yake ilikuwa transfoma: kuipandisha volti juu sana kabla ya safari, ili mkondo upungue, kisha kuishusha mwisho wa safari.

Ndivyo ilivyofanyika kwetu. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954. Mwaka huo huo Kenya iliunda kampuni ya kujenga laini kutoka Tororo hadi Nairobi, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha umeme wa Mto Nile ulikuwa ukiwasha taa za Nairobi. Laini ile ilijengwa kwa volti 132,000. Taa ya nyumbani yataka 240 tu. Mtu hawezi kuudokoa umeme huo kwa waya wake, atakufa. Panahitajika kituo cha kuushusha, transfoma ndogo, na nguzo za kijijini.

Basi jibu ndilo hili: kuushusha umeme kwawezekana, ila kuna gharama, na mwenye kuamua nani atangulie ni binadamu, si sayansi. Kule Zanzibar jengo la kwanza kupata umeme lilikuwa jumba la Sultani, Beit al-Ajaib. Kiwanda nacho hupata kabla ya kambi ya wafanyakazi wake.

Tena tukumbuke jambo moja. Zamani jua likizama, kazi ya shamba ilikwisha. Taa iliondoa mpaka huo, ikaleta zamu ya usiku. Kwa hiyo wafanyakazi walilazimika kuweka mpaka wao wenyewe, na mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wake wa kwanza: saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma viwandani.

Ndugu, tunapokaa na waajiri, tuyadai yote mawili pamoja: taa ifike nyumbani kwa mfanyakazi, na taa ya kiwandani isimnyang'anye usingizi wake bila malipo.

Umoja ni nguvu.