Banda la Kuku Lisiloingilika

Wanyama wala kuku huingia bandani kwa kuchimba, kupanda au kupenya. Nyegere huchimba chini ya ukuta na kung'oa mbao zilizolegea kwa kucha zake. Kanu hupanda hadi kwenye upenyo ulioachwa kati ya bati na ukuta, na nyoka hahitaji zaidi ya tundu dogo.

Msingi ndio unaostahili gharama kubwa. Ukuta wa matofali ukae juu ya zege. Saruji ikikosekana, wavu hufukiwa kuzunguka banda kwa kina cha sentimita 30 hivi, ukingo wake wa chini ukikunjwa kuelekea nje, ili mnyama anayechimba kando ya ukuta akutane nao.

Wavu wa kawaida wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, huwazuia kuku kutoka lakini haumzuii nyegere: nyaya zake ni nyembamba, naye huzichana. Madirisha yanahitaji wavu mgumu wa kuchomelea, wenye matundu yasiyozidi milimita 13, uliobanwa kwa vipande vya mbao ukingoni pote. Hapa si mahali pa kubana matumizi.

Banda lililoinuliwa juu ya nguzo huingiza hewa vizuri, lakini ili wanyama wasilipande, kila nguzo ivikwe bati laini lisiloshikika kwa kucha.

Mchana hatari ni mwewe na nguchiro. Uwanja wa vifaranga hufunikwa juu kwa wavu, na vichaka vya jirani hufyekwa. Jioni, kuku huhesabiwa na mlango hufungwa kwa komeo kabla ya giza kuingia.