Chapa ya Wimbo

Katika mnada wa mifugo chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake hupita mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, mtu aliyepotelewa na fahali wake katika kundi la mamia hana haja ya kushindana kwa maneno. Huonyesha chapa iliyochomwa ubavuni au alama iliyokatwa sikioni, na wazee hutoa hukumu. Tangu sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ya mwaka 2010, hereni zenye namba nazo zimeingia katika kazi hiyo hiyo. Basi wimbo, ambao hauna ubavu wala sikio, nao ukatoka Mbulu leo na kufika Dubai kabla ya jua kuchwa, utatambuliwaje na mwenyewe?

Mtu atajibu kwamba utatambuliwa kwa jina. Lakini jina ni shahidi dhaifu, khasa katika wilaya hizi za Hanang na Mbulu. Hapa hukutana Kiiraqw chenye asili ya Kikushi, Kidatooga chenye asili ya Kiniloti, lugha za Kibantu kama Kinyaturu na Kinyiramba, na Kihadza cha bonde la Yaeda, lugha yenye vidoko ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu kwa yakini. Utajiri huu, ambao ni fahari kwa masikio, ni mtihani kwa makarani. Hanang huandikwa pia Hanang', na Haydom huandikwa Haidom. Wadatooga huitwa Wabarabaig, Wataturu au Wamang'ati. Na Kiiraqw kina sauti zinazoandikwa kwa hh, kwa sl, na hata kwa mkwaju, ule mstari uliolala mshazari. Binadamu husoma maandiko hayo mawili matatu akajua kuwa kitu ni kimoja, ilhali mashine huona vitu mbalimbali, na malipo ya wimbo mmoja hutawanyika kwa watu wasiokuwapo.

Kwa sababu hiyo ulimwengu wa muziki umeafikiana juu ya namba tatu, na kila moja ina dhima yake. Tuchukue mfano wa kwaya ya Dongobesh yenye albamu ya nyimbo kumi. Kila rekodi hupewa ISRC, msimbo uliowekwa kwa kanuni ya kimataifa ya mwaka 1986, wenye herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo ni za mahali msimbo ulipotolewa, nazo kwa Tanzania ni TZ, tatu ni za msajili, mbili ni za mwaka, na tano ni za rekodi yenyewe. Utunzi, yaani maneno na sauti kabla hazijaimbwa na mtu yeyote, una namba yake iitwayo ISWC, inayoanza kwa herufi T. Kwaya ikiurekodi wimbo ule ule mara ya pili, Arusha, utunzi utabaki na namba yake moja, lakini rekodi zitakuwa mbili zenye ISRC mbili. Ama albamu nzima, ikiwa ni bidhaa moja, hupewa barkodi.

Barkodi ilizaliwa Marekani, ambako Norman Joseph Woodland, akiwa ufukoni Miami, alivuta vidole vyake mchangani na kuona kwamba nukta na vistari vya simu ya Morse vyaweza kurefushwa vikawa mistari minene na myembamba. Yeye na Bernard Silver walipata hataza mwaka 1952, na tarehe 26 Juni 1974, katika duka la mji wa Troy, Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilisomwa na mashine kwa mara ya kwanza.

Ndani ya mistari hiyo mna hesabu ya kupendeza. Tuseme, kwa mfano tu, namba ni 6200123456782. Tarakimu 620 zaonyesha kuwa imetolewa kupitia GS1 ya Tanzania, shirika linalogawa namba za barkodi, ingawa hazithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa nchini. Ile 6 ya kwanza haichorwi kabisa: mashine huifahamu kwa mpangilio wa tarakimu sita zinazoifuata. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Jumlisha zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano, hadi ya kumi na moja, upate 22. Jumlisha za nafasi ya pili, ya nne, hadi ya kumi na mbili, upate 22 tena, uzidishe kwa 3 ziwe 66. Jumla ni 88, na ili kufika 90 zahitajika 2, ndiyo tarakimu ya mwisho. Karani akiandika 9 mahali pa ile 8, jumla itakuwa 91, mlinzi atatakiwa awe 9, na kosa litafichuka papo hapo.

Siku hizi albamu aghalabu haina jalada la kuchapwa mistari, lakini namba haikufa. Maduka ya intaneti huitumia kama ufunguo wa toleo, na ISRC kuhesabu kila mara wimbo unaposikilizwa.

Hata hivyo, namba ni shahidi, si kadhi. Mtu akirekodi ngoma ya Wahadza na kuisajili kama mali yake, msimbo utauhifadhi uwongo wake kwa uaminifu ule ule ambao ungehifadhi ukweli. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilizikumbuka sanaa za jadi, ambazo mtunzi wake ni umma; lakini sheria haiwezi kumtaja mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

Kwa hiyo nawaasa viongozi wa kwaya, wapiga zeze na vijana wenye studio wa Katesh, Haydom na Mbulu mjini: kabla hamjazima mitambo, andikeni ni nani aliyetunga, ni nani walioimba na kupiga, mahali na tarehe, na majina yaandikwe kwa tahajia moja isiyobadilika, kisha ombeni ISRC kwa kila rekodi na barkodi kwa kila toleo. Mfugaji hampeleki ndama malishoni bila alama, na wimbo nao usitoke nyumbani bila chapa yake.