Kumngoja Asiyekuja: Namna ya Kuitazama Tamthilia ya Kibwege

Wengi wetu katika fasihi tumelelewa na swali moja: mwandishi ana ujumbe gani? Tukipewa tamthilia tunachambua dhamira, wahusika na migogoro, halafu tunafunga hesabu kwa falsafa ya mwandishi. Sasa, tamthilia ya kibwege inalikataa swali hilo mchana kweupe. Makala haya yanakusudia kueleza inalikataaje, na mtazamaji wa mara ya kwanza ashike wapi.

Mfano wangu ni Waiting for Godot ya Samuel Beckett, Mwairishi aliyeiandika kwanza kwa Kifaransa. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Paris, tarehe 5 Januari 1953, chini ya uongozi wa Roger Blin. Mimi niliiona ikichezwa na wanafunzi wenzetu kabla sijaisoma, na nashauri kila mtu aanze hivyo.

Kinachotendeka ni kidogo mno. Vladimir na Estragon wako barabarani, karibu na mti, wanamngoja Godot. Wanagombana, wanapatana, wanahangaika na kiatu, wanatafuna karoti. Anapita Pozzo akimswaga mtumishi wake, Lucky, aliyefungwa kamba shingoni. Jioni anakuja kijana kusema Godot hatafika leo, ila kesho bila shaka. Sehemu ya pili ni yale yale, isipokuwa mti umeota majani machache, Pozzo amekuwa kipofu na Lucky bubu. Godot haji. Basi, kwisha.

Jirani yangu alininong'oneza, "Hivi itaanza lini?" Swali zuri sana! Tumezoea msuko unaokwenda kama mstari: tatizo, kilele, suluhisho. Beckett amechora duara, na mtazamaji amewekwa humo ndani, naye anangoja. Kitabuni ukimya ni neno moja tu kwenye mabano, unaliruka. Ukumbini huna pa kuruka. Viti vinalia, watu wanakohoa, na kuchoka kwako kunakuwa sehemu ya mchezo.

Jambo la pili ni kicheko. Karibu na mwisho wawili hawa wanataka kujinyonga. Estragon anafungua kamba inayoshikilia suruali yake, suruali inaanguka, na kamba yenyewe wakiivuta inakatika. Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza ghafla. Hapo ndipo ubwege unapoachana na vichekesho vya kawaida: unacheka, halafu unajiuliza, jamani, nacheka nini?

Martin Esslin, aliyeupa mkondo huu jina katika kitabu chake cha 1961, anaanza na kisa cha gereza la San Quentin, Marekani. Novemba 1957 tamthilia hii ilichezwa mbele ya wafungwa wapatao 1,400. Ilikuwa imewatatiza wasomi wa miji mikubwa, lakini wafungwa waliielewa. Hawakuhitaji mhadhara. Kungoja walikujua.

Wapo wanaosema haya ni machovu ya Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, sisi hayatuhusu. Kuhusu chimbuko, nakubali. Lakini nani kati yetu hajasimama dirishani akaambiwa "njoo kesho", na kesho yake akarudi? Isitoshe, Said Ahmed Mohamed alipotoa Amezidi mwaka 1995, aliutumia ubwege kwa Kiswahili kuusema ufukara na utegemezi wetu wenyewe. Tofauti ni kwamba Beckett hasemi nani anawangojesha watu wake. Kwetu sisi, mara nyingi tunamjua.

Kwa hiyo, mwenzangu, ukienda kutazama usijisumbue kumtafuta Godot ni nani: Mungu, kifo au serikali. Tazama kungoja kunawafanya nini wanaongoja: namna wanavyomtazama Lucky akiburuzwa, wakashtuka kidogo, kisha wakazoea. Nadhani kuzoea huko ndiko kunakotisha zaidi kuliko Godot kutokuja. Wanaoona vingine, uwanja uko wazi.