Fundi wa Parachuti na Kazi Isiyojaribika

Mtu akitaka kujua kama njiti ya kiberiti ni nzima, njia ya hakika ni moja tu: aiwashe. Lakini akisha kuiwasha hana njiti tena. Anacho kipande cha mti kilichoungua. Vyombo vya namna hii ni vingi katika maisha ya siku hizi, navyo vina jambo moja linalovitenga na vingine: haviwezi kujaribiwa pasipo kutumiwa. Parachuti iliyokwisha kukunjwa na kufungwa mkobani ni chombo cha namna hiyo. Ukitaka yakini kwamba itafunguka, huna budi kuifungua. Na ukiifungua, ile uliyotaka kuijua haipo tena, bali ipo nyingine inayongoja kukunjwa upya.

Hata hivyo, watu wengi huruka kutoka ndegeni, wengine kwa mchezo, wengine kwa kazi ya jeshi, na wengine kwenda kuzima moto misituni, nao hukabidhi maisha yao kwa kifurushi ambacho hawawezi kukichungulia ndani. Makala haya yanaeleza habari za mtu anayekifunga kifurushi hicho, yaani fundi wa parachuti: anachopaswa kukijua, jinsi anavyojifunza, na kwa nini neno lake huaminiwa. Tutachukua mfano wa Marekani, kwa kuwa huko kazi hii ina sheria zilizo wazi na vyeti vinavyotolewa na serikali.

Hewa inavyombeba mtu

Kabla ya kumtazama fundi, yafaa tukumbuke elimu kidogo ya fizikia. Mtu anayeruka kutoka kimo cha mita 4,000 huongeza mwendo kwa sekunde kumi na kidogo hivi, kisha mwendo wake hukoma kuongezeka. Akiwa amejinyoosha kifudifudi huanguka kwa mita 55 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilometa 200 kwa saa. Hapo ukinzani wa hewa umekwisha kulingana na uzito wake.

Ukinzani huo hutegemea mambo manne: densiti ya hewa, umbo la kitu, eneo lake, na mraba wa mwendo wake. Tukiandika kwa alama, R = ½ρCAv². Tuchukue mtu ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 90. Uzito wake ni newtoni 880 hivi. Tukitaka atue kwa mita 5 kwa sekunde, na tukichukua densiti ya hewa kuwa kilo 1.2 kwa mita ya ujazo na kizigeu cha umbo la mwavuli wa duara kuwa 0.75, tutapata eneo la mita za mraba 78. Huo ni mwavuli wenye kipenyo cha mita 10 hivi, na kwa kweli miavuli mingi ya duara ya askari hukaribia kipimo hicho. Anayetua kwa mwendo huo hugonga ardhi sawa na mtu aliyeruka kutoka juu ya ukuta wa mita 1.3.

Lakini hatari kubwa haiko katika kutua peke yake. Iko pia katika ule muda mfupi wa kupunguza mwendo kutoka mita 55 hadi mita 5. Mwavuli ukijaa hewa kwa sekunde 3, mikanda humvuta mrukaji kwa kani ya wastani inayofikia newtoni 2,400 hivi. Ukijaa kwa nusu sekunde, kani hiyo hupanda hadi karibu newtoni 9,900, zaidi ya mara kumi ya uzito wake. Kani kama hiyo yaweza kupasua kitambaa, kukata kamba, au kumvunja mtu mifupa. Msomaji na afanye hesabu hizi mwenyewe. Hazihitaji zaidi ya kanuni za Newton.

Hapo ndipo tunapoanza kuielewa kazi ya fundi. Kukunja parachuti si kuupunguza mwavuli ili uenee mkobani. Ni kupanga mfuatano wa matukio. Sharti mwavuli mdogo utangulie kutoka na kushika hewa. Kisha kamba zinyooke, fungu baada ya fungu. Kisha kitambaa kitoke. Na mwisho hewa ikijaze polepole. Katika parachuti za umbo la bawa, ambazo chanzo chake ni ubunifu wa Domina Jalbert wa mwaka 1964, kipo pia kitambaa cha mstatili chenye pete katika pembe zake, na kamba hupita ndani ya pete hizo. Wakati wa kufunguka kitambaa hiki huzibana kamba na kuuzuia mwavuli usitanuke ghafula, kisha huteremka taratibu kuelekea kwa mrukaji. Fundi akikiacha mahali pasipo pake, mfuatano wote huharibika.

Maadui wa nailoni

Parachuti za zamani zilishonwa kwa hariri. Nailoni iligunduliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika maabara za DuPont, na vita vilipoikatia Marekani hariri ya Japani mwaka 1941, nailoni ilichukua nafasi yake. Ni nyuzi imara, nyepesi, zisizooza upesi. Lakini zina maadui watatu ambao fundi huwawinda kila anapofungua mkoba.

Adui wa kwanza ni jua. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo mirefu ya molekuli za nailoni, na kitambaa hudhoofika ingawa kwa macho huonekana kizima. Adui wa pili ni joto la msuguano. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 za Selsiasi au zaidi kidogo. Nailoni ikisuguana na nailoni kwa kasi kubwa, joto hilo hufikiwa kwa kufumba na kufumbua, na kamba huacha alama ya kuungua kitambaani. Adui wa tatu ni asidi, na habari zake zastahili kusimuliwa.

Katika miaka ya 1980 mafundi wa Marekani waligundua kwamba baadhi ya parachuti za akiba za duara zilikuwa zikidhoofika zikiwa mikobani, bila ya kutumiwa hata mara moja. Vipande vya wavu vilivyoshonwa kwenye miavuli hiyo vilikuwa na asidi, na asidi ilikuwa ikikila kitambaa kilichogusana navyo. Jicho halikuona kasoro. Mkono uliovuta kidogo haukuona kasoro. Kumbe kitambaa hicho kingeweza kupasuka siku mwenyewe atakapokihitaji kuliko siku zote.

Dawa ilitoka katika kemia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaijua. Mafundi walichukua kiashirio kiitwacho bromokresoli ya kijani, ambacho huwa cha manjano pH ikiwa chini ya 3.8 na cha buluu ikiwa juu ya 5.4, wakakitia wavuni na kutazama rangi. Palipoonyesha asidi, kitambaa kilibanwa kwa vibanio viwili na kuvutwa kwa mizani hadi ratili 40, sawa na uzito wa kilo 18 hivi. Kilichostahimili kiliruhusiwa kuendelea, kilichopasuka kiliondolewa. Jaribio hili lina hekima yake: halikijaribu chombo kizima kwa kukitumia, bali lilijaribu sehemu kwa kiasi ambacho kitambaa kizima hakidhuriki.

Njia ya kuupata ufundi

Nchini Marekani vyeti vya ufundi huu hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, navyo ni vya ngazi mbili. Anayetaka cheti cha ngazi ya kwanza sharti awe ametimiza miaka 18, aweze kusoma, kusema, kuandika na kufahamu Kiingereza, na awe amekwisha kukunja parachuti zisizopungua 20 za aina anayoiombea cheti, chini ya uangalizi wa fundi mwenye cheti. Baada ya hapo hufanya mtihani wa kuandika, kisha wa mdomo na wa vitendo. Anayetaka ngazi ya juu sharti awe na uzoefu wa miaka 3 na awe amekunja parachuti 100 za kila aina kati ya aina mbili. Huyu ndiye aruhusiwaye kufanya matengenezo makubwa. Wa ngazi ya kwanza hukomea kwenye yale madogo.

Mwanafunzi huyu hujifunza kwanza kutazama kuliko kukunja. Huutandaza mwavuli na kuukagua kipande kwa kipande kutoka ukingoni hadi kileleni, huzifuata kamba moja moja kwa vidole, na hukagua mishono, pete, pini na vitanzi. Hujifunza cherehani, kwa sababu kiraka kilichoshonwa vibaya huongeza udhaifu badala ya kuuondoa: sindano iliyotoboa mno hugeuza mshono kuwa mstari wa kupasukia. Hukausha na kupunga hewa kabla ya kukunja. Sheria humtaka fundi awe na meza laini yenye urefu wa futi 40 na upana wa futi 3, na jengo lenye joto la kutosha, mwanga na hewa.

Tena cheti chenyewe hakitoshi. Fundi haruhusiwi kufanya kazi ikiwa hayaelewi maagizo ya kisasa ya mtengenezaji, wala ikiwa hakuifanya kazi hii kwa muda usiopungua siku 90 katika miezi 12 iliyopita, isipokuwa aonyeshe kwamba bado anaimudu. Sheria inakiri hapa jambo ambalo sisi walimu tunalijua: mikono nayo husahau.

Parachuti kuu ya mchezo yaweza kukunjwa na mrukaji mwenyewe. Ile ya akiba, ambayo ndiyo tegemeo la mwisho, haikunjwi ila na fundi mwenye cheti. Tangu mwishoni mwa mwaka 2008 sheria inataka parachuti ya nailoni iwe imefunguliwa, ikakaguliwa na kukunjwa upya katika siku 180 zilizotangulia. Kabla ya hapo zilikuwa siku 120. Ile ya hariri ni siku 60.

Saini na muhuri

Kazi ikiisha, fundi huhesabu zana zake. Kama alianza na zana saba, sharti saba ziwe mezani. Ikikosekana moja, hata kama ni kijiti cha kusukumia kitambaa, mkoba hufunguliwa tena, maana zana iliyosahauliwa ndani yaweza kuzuia pini isitoke. Kazi ya saa kadhaa huanzwa upya, na hakuna wa kulaumiwa ila yeye.

Hesabu ikitimia, hufunga uzi mwembamba kwenye pini na kuubana kwa kipande cha risasi chenye alama yake ya pekee. Kisha huandika kwenye kadi inayokaa pamoja na parachuti: tarehe, mahali, kasoro alizozikuta, jina lake na namba ya cheti chake. Kumbukumbu nyingine hubaki kwake kwa muda usiopungua miaka miwili. Uzi ule hukatika kwa urahisi mpini ukivutwa; haulindi kitu kwa nguvu. Unachosema ni kwamba tangu fundi aliyetajwa alipomaliza, hakuna mkono mwingine ulioingia.

Huenda kazi iliyo ngumu zaidi ni ile ya kukataa. Mwenye parachuti huja na haraka, hali ya hewa ni nzuri, ndege inanguruma. Naye fundi ameona kitambaa kilichofifia au mshono uliolegea. Akiipitisha, yaelekea hakuna kitakachotokea siku hiyo, maana parachuti za akiba hutumika mara chache. Kosa lake laweza kulala miezi mingi bila ya kuonekana. Kwa sababu hiyo shule ya jeshi la maji la Marekani huko Lakehurst, iliyoanza mwaka 1924, iliwataka mafundi wanaohitimu waruke na parachuti walizozikunja wao wenyewe.

Walimu waweza kuigeuza habari hii kuwa somo. Chukueni uzi mmoja wa nailoni, mkate vipande vingi vyenye urefu sawa. Nusu vitundikeni juani, nusu vifungieni kabatini. Kila mwezi ning'inizeni uzito kwenye vipande vitano vya kila upande hadi vikatike, na mwandike kila kipimo pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Mtaona jua linavyofanya kazi, na mtazoea kuandika mlichokiona badala ya mlichokitarajia.

Kisha nendeni mkautazame mtungi wa kuzimia moto, kama shule yenu unao. Huo nao ni njiti ya kiberiti: haujaribiki pasipo kuumaliza. Geuzeni kadi iliyofungwa shingoni mwake, msome tarehe na saini. Kama kadi ni tupu, mpelekeeni mkuu wa shule habari hiyo siku hiyo hiyo.