Je, Wajua? Jalada Kwanza, Hadithi Baadaye

Wapo watu wanaonunua vitabu bila nia yoyote ya kuvisoma. Wanachotaka ni jalada: jambazi na bastola yake, bibi wa gauni jekundu, roketi inayopasua mawingu. Je, wajua…

…kwamba majarida ya palpu ya Marekani yalipewa jina hilo kwa sababu ya karatasi yake duni, iliyotokana na mbao zilizosagwa? Mwaka 1896 Frank Munsey aliligeuza jarida lake, The Argosy, likawa la hadithi tupu, akalichapa kwenye karatasi hiyo na kuliuza senti 10. Baadaye, majarida ya aina hiyo yalipojaa vibandani, jalada ndilo lililopewa karatasi laini inayong'aa na rangi kali. Ndani, hata ukurasa mpya ulikuwa mkavu na wa kukwaruza.

…kwamba picha iliweza kutangulia, hadithi ikafuata? Mwaka 1931 kampuni ya Street & Smith ilitaka kutoa haraka jarida la The Shadow, baada ya wasikilizaji waliomsikia mhusika wa jina hilo redioni kuanza kuliulizia vibandani kabla halijakuwepo. Hakukuwa na muda wa kuchora. Wakachomoa kabatini picha ya mwaka 1919: Mchina mmoja, na kivuli nyuma yake. Basi mwandishi Walter Gibson akaambiwa aingize Mchina kwenye hadithi, ili jalada lisionekane limepotea njia. Akamwingiza. Baada ya hapo aliandika riwaya zaidi ya 280 za mhusika yuleyule, akitumia jina la Maxwell Grant.

…kwamba majalada ya kutisha na kutamanisha kuliko yote ya Weird Tales yalichorwa na mwanamke? Margaret Brundage wa Chicago alichora majalada 66 ya jarida hilo kati ya 1932 na 1945, akisaini "M. Brundage" tu, na wasomaji wengi wakadhani ni mwanaume. Hakutumia rangi za mafuta kama wenzake. Alichora kwa chaki za rangi, ambazo ukizigusa kwa kidole tu zinafutika, na ndiyo maana ngozi za wanawake wake zina ule ulaini usioupata kwa wachoraji wengine. Hao wanawake mara nyingi walikuwa hawana nguo, au karibu hawana. Waandishi wakaligundua hilo. Seabury Quinn, mmoja wa waandishi waliopendwa sana na wasomaji wa jarida hilo, anasimuliwa kuwa alikuwa akihakikisha kila hadithi yake ina tukio moja la namna hiyo, ili Brundage alichague kwa jalada. Sijui nani hapo alikuwa mwajiri wa nani.

…kwamba Tarzan alizaliwa katika toleo la Oktoba 1912 la jarida la The All-Story, akiwa jaladani amempanda simba mgongoni? Mwandishi wake, Edgar Rice Burroughs, hakuwahi kukanyaga Afrika. Katika toleo lile aliweka chui milia wa Asia katikati ya msitu wa Afrika. Wasomaji wakamsahihisha, na riwaya ilipotoka kama kitabu mwaka 1914 yule mnyama akawa simba jike. Leo jarida hilo ni miongoni mwa yanayowindwa zaidi na wakusanyaji, likiwa na kosa lake ndani.

…kwamba jalada la Amazing Stories la Agosti 1928 hudanganya wengi? Linamwonyesha mtu akiruka angani, na watu humwita Buck Rogers. Ni kweli Buck Rogers alianzia toleo hilo, ila picha ya Frank R. Paul ni ya hadithi nyingine kabisa, The Skylark of Space. Muuzaji asiyejua hilo, usimwamini na bei zake.

…kwamba kampuni ya vitabu ya Penguin ya Uingereza ilianza mwaka 1935 bila picha? Mistari tu: rangi ya chungwa kwa riwaya, kijani kwa upelelezi, buluu kwa wasifu. Kijana Edward Young alitumwa bustani ya wanyama ya London akamchore pengwini, ndege wa nembo yao.

…kwamba kampuni ya Dell, kuanzia 1943, ilichora ramani nyuma ya vitabu vyake? Nyumba, vyumba, ngazi, na mahali maiti ilipokutwa. Hapa wakusanyaji hugeuza kitabu kabla ya kukifungua.

…kwamba kampuni ya Ace ilifunga riwaya mbili katika kitabu kimoja, kila moja ikiwa kichwa chini kwa mwenzake, na majalada mawili ya mbele? Kitabu cha kwanza cha William Burroughs, Junkie, kilitoka hivyo mwaka 1953, kwa senti 35.

…kwamba J. D. Salinger hakupenda mchoro wa James Avati kwenye toleo la 1953 la The Catcher in the Rye? Matoleo ya baadaye yakatoka bila picha. Wakusanyaji wanalitafuta lile alilolichukia.

…kwamba Afrika Mashariki ya miaka ya 1960 na 1970 nayo ilikuwa na mashujaa wa jaladani? Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film, alikuwa wa picha za kamera badala ya brashi. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, akaja na Film Tanzania kwa mtindo huohuo. Ukiwa na nakala zozote za zama hizo kwenye sanduku la marehemu babu, usifungie maandazi.

…kwamba muuza vitabu wa Marekani akishindwa kuuza kitabu cha mfukoni cha jalada jepesi mara nyingi hurudisha jalada pekee, akarudishiwa pesa yake, na kilichobaki kinatakiwa kiharibiwe? Ndiyo maana vingi vina onyo ndani: ukikinunua bila jalada, huenda ni cha wizi.

…kwamba karatasi ile ya palpu ina asidi inayoila polepole? Kingo hupukutika kama maganda ya karanga. Weka nakala katika mfuko wa plastiki isiyo na asidi, wima, mbali na jua. Na ukiuziwa "jarida la 1930" lenye karatasi nyeupe pe, huenda ni nakala iliyochapwa upya.